Kompyuta ya zamani ikigoma, kadi isilaumiwe kwanza

KOMPYUTA ya nyumbani ya zamani iliyofungwa kadi ya kuongeza kasi ikizimika ghafla, au skrini ikibaki nyeusi, wengi huilaumu kadi na kuitupa. Mara nyingi kosa liko kwingine.

Mfano ni Amiga 1200, iliyotolewa na kampuni ya Commodore mwaka 1992. Prosesa yake huenda kwa megahetsi 14. Kadi yenye prosesa ya Motorola 68030 huweza kuifikisha 50. Kasi hiyo hudai umeme zaidi, ilhali adapta ya awali haikuwa na akiba kubwa ya nguvu.

Kwanza, mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe na kadi iondolewe. Ikiwaka vizuri bila kadi, adapta ipimwe kadi ikiwa imerudishwa: volti 5 zikishuka mno, tatizo ni adapta.

Pili, zichunguzwe sehemu ambapo kadi hugusana na bodi kuu. Katika maeneo kama Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, hewa yenye unyevu na chumvi huharakisha kutu. Zisafishwe kwa spiriti, zikauke, kisha kadi isukumwe mpaka mwisho.

Mashine ikizimika baada ya dakika kadhaa, joto lishukiwe. Kapasita zinazovuja, ambazo hula njia za shaba za bodi, zibadilishwe na fundi.

Commodore ilifilisika mwaka 1994. Kadi nzima ikitupwa kwa kosa la adapta, kupata mbadala wake si rahisi.