Maelezo kwa Mkaguzi wa Programu ya Simu

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwa wafasiri siku hizi umo waraka mfupi ambao aghalabu huandikwa mwisho, kwa haraka, na mtu aliyekwisha choka. Ni maelezo anayopelekewa mkaguzi pale programu ya simu inapowasilishwa ili iidhinishwe kuingia katika duka la programu. Duka la Apple lilifunguliwa mwaka 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Google nayo hukagua zile zinazoletwa katika duka lake la Play.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wako wanaomwita mtu huyu mhakiki. Twaona haifai. Mhakiki huipima kazi ya sanaa na kutoa maoni yake, na kazi hiyo huendelea kusomwa hata akiikashifu. Mkaguzi, kama yule wa hesabu au wa shule, hukilinganisha kitu na kanuni zilizowekwa, na kauli yake yaweza kukizuia. Mfasiri akilielewa hilo, atajua pia aandike kwa lugha ya namna gani.

Niliwahi kuletewa waraka wa programu iliyokwisha kataliwa. Ilikuwa ya vikundi vya kuweka na kukopa. Waraka ulianza kwa kumkaribisha "ndugu mteja" afurahie huduma nafuu, ukaendelea kwa aya tatu za sifa, wala haukueleza jinsi ya kuingia. Kumbe kuingia kulihitaji nambari ya simu ya Tanzania, ambayo hupelekewa msimbo kwa ujumbe mfupi. Mkaguzi aliyeko ng'ambo hana laini hiyo. Aliona ukurasa wa kwanza tu, akairudisha programu, na wanakikundi wakaendelea na madaftari yao.

Basi mkaguzi apewe akaunti ya majaribio: jina la mtumiaji na nywila isiyokwisha muda, na njia ya kuingia isiyodai msimbo wa simu. Akaunti hiyo iwe na michango na mikopo ya mfano, kwani daftari tupu halionyeshi kitu. Ikiwa mweka hazina huona yale asiyoyaona mwanachama, zitolewe akaunti mbili. Seva iwe inafanya kazi muda wote wa ukaguzi. Programu ikiomba kutumia kamera au kujua mahali alipo mtumiaji, sababu itajwe waziwazi. Na kama yahitaji kifaa ambacho mkaguzi hana, iambatishwe video. Yasifichwe matumizi yoyote, maana kanuni zinakataza.

Lakini ugumu mkubwa u katika maana za maneno. Mkaguzi huenda hajui Kiswahili, kwa hiyo maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, na maneno ya vitufe yanakiliwe kama yalivyo, kila moja na maana yake. Chukua kitufe kilichoandikwa "Toa". Katika kutoa mchango, fedha huingia katika mfuko wa kikundi. Katika kutoa pesa kwa wakala, hutoka katika akaunti. Kadhalika "hisa". Wanakikundi hununua hisa kila wiki wakimaanisha kiasi cha akiba. Mfasiri akiweka neno la soko la hisa, mkaguzi atadhani kuna biashara ya dhamana na kudai leseni.

Zito zaidi ni "mkopo". Kanuni za Apple haziruhusu programu ya mikopo binafsi inayotoza zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka, wala inayodai deni lote lilipwe ndani ya siku 60 au pungufu. Google pia imekataza mikopo binafsi ya muda huo mfupi. Vikundi vingi hukopeshana kwa mwezi mmoja. Mfasiri akiandika kwamba programu "inatoa mikopo", ameieleza isivyo: wanaokopeshana ni wanachama, kwa fedha zao wenyewe, na programu huweka kumbukumbu tu. Sentensi hiyo, iwapo ndiyo hali halisi, iwekwe mwanzo kabisa wa maelezo, kabla hata ya jina la mtumiaji na nywila.