Jinsi siri za mkulima wa Moi's Bridge zinavyolindwa mtandaoni

MKULIMA wa mahindi mjini Moi's Bridge, kwenye barabara ya Eldoret kuelekea Kitale, anapofungua tovuti ya benki kwa simu, nambari yake ya siri hupitia minara na nyaya za watu asiowajua. Kinachozuia isisomwe njiani ni itifaki ya TLS, iliyochukua nafasi ya SSL mwaka wa 1999.

Kwanza, tovuti huonyesha cheti kinachothibitisha anwani yake. Kisha simu na kompyuta ya benki hubadilishana nambari za wazi, na kila upande hukokotoa ufunguo uleule wa siri bila ufunguo wenyewe kusafirishwa. Msingi wa mbinu hiyo ulichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka wa 1976. Ujumbe hufumbwa kwa ufunguo huo, na ukibadilishwa njiani hugunduliwa.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Cheti huthibitisha anwani, wala si uaminifu wa mwenye tovuti. Walaghai nao hupata vyeti. Aidha, anayemtajia mpigaji simu nambari yake ya siri amemfungulia mwizi mlango, na hakuna itifaki itakayomwokoa.