Kila Tarakimu Ina Mwenyewe

Mwaka 1996 jarida la tiba la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika hapa kwetu Kajiado. Watoto 206 wa Kimaasai, wa umri wa miaka 5 hadi 16, walipewa chupa za plastiki za kuwekea maji ya kunywa. Wengine waliziweka juu ya paa zipigwe na jua, wengine wakaziacha ndani kivulini. Kwa wiki 12, wahudumu wanaozungumza Kimaa walimpitia kila mama mara moja kwa wiki mbili, wakimuuliza kama mtoto ameharisha. Waliokunywa maji ya juani waliharisha mara chache zaidi kuliko wenzao.

Mimi naishi Kitengela, na kazi yangu ni kufuatilia vituo vya majaribio ya dawa. Wenyewe tunaitana mamonita. Nikisoma matokeo kama yale, nawafikiria wale akina mama. Kila tarakimu ilianzia kwenye jibu la mama mmoja. Jibu likiandikwa vibaya, hesabu nzima imeharibika.

Jaribio la dawa haliruhusiwi kuanza Kenya bila idhini ya kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Likishaanza, mdhamini wa utafiti hututuma vituoni. Sitibu mtu wala sidungi sindano. Nalinganisha faili la mgonjwa na kilichoingizwa kwenye kompyuta. Nahesabu vidonge vilivyotolewa na vilivyorudishwa. Nafungua rekodi ya friji, maana chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kama stima ilipotea usiku, nataka kuona friji ilisoma ngapi saa zile. Mshiriki akilazwa hospitalini, natafuta kama mdhamini aliarifiwa kwa wakati.

Ninapokawia zaidi ni kwenye fomu ya ridhaa. Huku Kajiado mshiriki anaweza kuwa nyanya asiyejua kusoma, na Kimaa ndiyo lugha yake pekee. Alama ya kidole gumba peke yake haitoshi. Lazima awepo shahidi asiye na upande, asikilize maelezo yote, kisha atie sahihi na tarehe kwa mkono wake. Kisha naangalia siku. Ridhaa ikiwa ya tarehe 12 na damu ilitolewa tarehe 11, nasimama hapo hapo: nyanya huyo alitolewa damu kabla hajakubali. Jambo hilo huandikwa na kuripotiwa, hata kama damu ilikuwa kijiko kimoja tu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukialikwa kwenye utafiti, uliza utafiti huo umeidhinishwa na nani. Dai kuelezwa kwa lugha unayoielewa, na usiondoke bila nakala yako ya fomu ya ridhaa. Ukitaka kujitoa, jitoe siku yoyote. Matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa.