Tulipofika Delta, Baba Mdogo Aliita Mashahidi



Mbagala, Temeke na vitongoji vingine vya kusini mwa Dar es Salaam vimejaa familia zenye asili ya Rufiji. Wazee wetu waliondoka huko kwa sababu mbalimbali. Wengine walifuata kazi mjini. Wengine maisha yao yalitikiswa na mafuriko makubwa ya 1968, ambayo yalifuatiwa na kuhamishwa kwa wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya miinukoni. Marehemu baba yangu alitoka katika kijiji kimoja cha delta, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kibiti, akaacha nyuma mdogo wake, minazi na shamba la mpunga. Sisi wanawe tulizaliwa mjini, tukawa Warufiji tusioijua Rufiji.

Visingizio havikutupungukia. Mwaka 2017, mauaji yaliyotokea Kibiti, Mkuranga na Rufiji yaliwafanya wengi wasite kusafiri, na hilo lilikuwa na udhuru wake. Lakini amani iliporejea, visingizio vilibaki: ada za shule, kazi, nauli. Ilhali barabara ya lami inapita Mkuranga na Bungu hadi Kibiti, na kutoka pwani ya Nyamisati msafiri hupanda boti, akisubiri maji yajae ndipo apenye katikati ya mikoko.

Mwaka jana nilikwenda na mama yangu na dada zangu wawili. Baba mdogo alitupokea kwa salamu fupi. Kabla hatujanawa miguu, alimtuma kijana akamwite mwenyekiti wa kitongoji pamoja na wazee wawili wa msikitini. Walipoketi mkekani, akasema: "Haya, mwanangu. Sema mlichofuata, na hawa wasikie."

Nikajibu: "Shikamoo tena, Baba Mdogo. Tumekuja kukujulia hali."

Wazee wakatazamana. Akasema kwa upole: "Tangu nilipokuja huko kwenu kumzika kaka, hakuja mtu. Anayetoka mjini huja na kamba ya kupimia shamba."

Sikuwa na jibu. Yeye alivuka maji na nchi kavu kuja kutuzika. Sisi tulipoona kwenye simu picha za mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba Rufiji na Kibiti, tuliwaombea dua kisha tukaendelea na shughuli zetu. Usiku ule alitueleza jinsi mpunga wake ulivyozama wote, na jinsi alivyobaki katika dungu la kulindia shamba akitazama maji. Hakutulaumu. Dada yangu mdogo ndiye aliyelia.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya kwanza, Allah (S.W.) ametuamrisha tumche Yeye na tuchunge jamaa. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, ametufundisha kwamba muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale udugu wake ulipokatwa. Nimeifundisha hadithi hiyo mara nyingi. Siku ile niliona kwamba aliyeitekeleza ni mzee wa delta, na aliyekata ni mwalimu mwenyewe.

Kesho yake baba mdogo alitutembeza shambani akituhesabia minazi, huu wa kaka, huu wangu. Moyo wangu ulitaka kusema, "Tumekusamehe yote." Lakini ulimi ulijizuia, kwani wema hautolewi kwa mali ya mwingine. Katika urithi wa baba, mama ana thumuni yake. Kinachobaki ni changu mafungu mawili na dada zangu fungu moja moja. Mimi nilikuwa na mamlaka juu ya fungu langu tu. Basi nikalisamehe langu mbele ya mashahidi wale wale, na mama na dada zangu wakasema wenyewe kwamba baba mdogo aendelee kulima, na wao wapate sehemu ya mavuno. Tukaandika, tukatia saini. Hapo nilielewa kwamba mzee hakukosea kuita mashahidi. Kosa lilikuwa letu kumfanya aogope watoto wa kaka yake.

Ndugu zangu, tuwazuru jamaa kabla ya msiba. Tusimbebeshe mwenyeji mzigo: mwenye kuku mmoja atamchinja kwa ajili yako, kwa hiyo fika na mchele, sukari na mafuta, wala usikae mpaka akachoka. Nguo utakayopeleka iwe ile ambayo ungeivaa mwenyewe. Habari ya mirathi isitangulie salamu, lakini pia isifichwe ikaja kuwagombanisha wajukuu. Na ukirudi mjini, piga simu hata usipokuwa na haja.

Tulipoagana, mke wa baba mdogo alitupa nazi na mkeka aliousuka mwenyewe. Mzee akatusindikiza hadi kwenye boti, akauliza: "Mtarudi lini?" Mama akamjibu: "Baada ya Idi, Insha'Allah." Akatabasamu, akasema: "Safari hiyo sitaita mtu."

Allah atujaalie tuwe wenye kuunga udugu. Amin.