Makaki, chanjo ya 1958 na bonde letu la Ruzizi

Ukipimwa damu labo wanakuandikia O+ au A−. Ile alama ya mwisho inaitwa resusi, na wengi tunaitaja bila kujua kwamba ni jina la mnyama. Makaki resusi ni kima wa India, China na nchi za jirani. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener walidunga sungura damu ya kima huyo, wakaona seramu ya sungura inashikamanisha chembe za damu za watu wengi, ila si wote. Jina likabaki.

Kwetu jina lenyewe lina kidonda, maana "macaque" ni tusi ambalo wakoloni waliwatupia wazee wetu. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba chanjo waliyopewa watu wa bonde letu ilitoka kwenye figo za makaki, anakasirika kabla habari haijaisha. Leo tuisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mpaka sasa inaweza kuamua kama mama fulani kule Mulongwe atamfungulia mlango mtu wa chanjo au atamrudisha.

Juu ya nini makaki? Polio haishiki wanyama wengi. Panya na sungura walijaribiwa, hawakuugua. Mwaka 1908 kule Vienna, Landsteiner huyo huyo na mwenzake Erwin Popper walichukua uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa polio, wakadunga nyani mmoja na makaki mmoja. Wote wawili wakaugua. Baadaye makaki akapewa kazi mbili. Ya kwanza, figo zake zilikuwa shamba: chembe zake ziliwekwa kwenye chupa, virusi vikapandwa humo, vikavunwa kutengeneza chanjo. Ya pili, mwili wake ulikuwa kipimo: chanjo ya virusi hai ilidungwa kwenye ubongo au uti wa mgongo wa kima kabla ya kupewa watu. Kima akipooza, chanjo hiyo ni hatari. Makaki kwa maelfu walisafirishwa kutoka India kwa kazi hizo, na wengi sana walikufa.

Sasa tuje kwetu. Hilary Koprowski, wa taasisi ya Wistar kule Philadelphia, alikuwa na chanjo ya mdomoni iliyoitwa CHAT. Kati ya tarehe 24 Februari na 10 Aprili 1958, watu 215,504 wa bonde la Ruzizi na ufuko wa kaskazini wa Tanganyika walipewa chanjo hiyo. Ni wiki sita na kitu tu! Ripoti ilitolewa mwaka huo huo na daktari Ghislain Courtois wa labo ya Stanleyville (Kisangani ya leo) na wenzake. Wengi kati yetu tuna bibi au babu aliyekuwa mtoto wakati huo.

Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alichapisha kitabu The River, akitetea hoja kwamba chanjo ile ilikuzwa kwenye figo za sokwe na ndiyo iliyoleta SIDA. Sokwe walikuwepo kweli, mamia walifungiwa Camp Lindi karibu na Stanleyville kwa majaribio. Lakini hoja yenyewe haikusimama. Mwaka 2001 sampuli za CHAT zilizohifadhiwa zilipimwa, na DNA iliyokutwa ilikuwa ya makaki, si ya sokwe. Virusi vya SIDA havikukutwa. Na makaki wa Asia, huko porini kwao, hawana virusi vya jamii hiyo. Mwaka 2004 ikaonekana pia kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni tawi lingine, si lile lililozaa HIV-1 ya watu. Tena, hesabu za mabadiliko ya virusi zinaonyesha HIV-1 ilikuwa tayari ndani ya watu mapema karne ya 20, miaka mingi kabla ya 1958.

Je, basi hakuna la kulalamikia? Lipo, na tusilifiche. Kwanza, figo za makaki hazikuwa safi kama walivyodhani. Mwaka 1960 viligunduliwa humo virusi vya kima vilivyoitwa SV40, vilivyokuwa vimeshaingia kwenye chanjo za mamilioni ya watu, wakiwemo Wamarekani wenyewe. Pili, mwaka 1958 watu wetu walikuwa chini ya ukoloni, na kusema hapana mbele ya utawala ule haikuwa jambo rahisi. Azimio la Helsinki juu ya ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti lilikuja 1964.

Linganisha na Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walitoa kinga ya mAb114 kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Ikajaribiwa kwa makaki resusi, wakapona hata walipotibiwa siku 5 baada ya kuambukizwa. Lakini ZMapp na remdesivir nazo zilikuwa zimeokoa makaki. Ni jaribio la watu, lililofanyika Kivu Kaskazini 2018–2019 kwa ridhaa ya wagonjwa au familia zao, lililoonyesha tofauti: kwa mAb114 walikufa kama 35%, kwa ZMapp karibu 50%, kwa remdesivir 53%. Ebola ilipofika Mwenga, Agosti 2019, madaktari walikuwa wameshajua dawa zipi zinafaa zaidi.

Kwa hiyo makaki anafungua mlango tu, jibu la mwisho linatoka kwa watu. Na watu wana haki ya kuulizwa kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ukambaa hushtuka, basi tusimcheke mama wa Mulongwe akiuliza maswali. Sisi tuliosoma tumjibu: chanjo hii ilijaribiwa wapi, kwa nani, ilionyesha nini, na nani aliridhia. Akikuuliza juu ya SIDA, mweleze ukweli. Akikuuliza juu ya 1958, usimwambie kwamba wazee waliombwa ruhusa jinsi tunavyoombwa leo.