Mti ni Sadaka, Ila Usimdhuru Jirani

Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo nimeutumia mara nyingi mbele za watu, lakini maana yake hasa niliijua siku nilipouona ufa wenyewe katika ukuta wa jirani yangu, hapa mtaani kwetu Majengo, Mombasa.

Ufa huo ulitokana na mti. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipanda mkungu kando ya njia mbele ya nyumba yetu, mwaka nilipotiwa chuoni. Msomaji aujuaye mkungu hahitaji kuelezwa: matawi yake hutanda ngazi kwa ngazi, na kivuli chake ni kipana. Chini yake wazee walifanya baraza, watoto wakaokota kungu, na siku za matanga viti vilipangwa hapo. Baba alitusomesha kwamba Mtume (S.A.W.) amesema mti anaoupanda Muislamu, akila ndege, mtu au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Basi kwetu mti ule ulikuwa sadaka ya baba.

Lakini sadaka hiyo ilikuja na adha. Majani ya mkungu hugeuka mekundu kisha hupukutika kwa wingi, yakaziba mifereji ya paa la jirani. Usiku popo walikuja kula kungu na kuchafua nguo zake kambani. Bi mkubwa huyo aliponijia mara ya kwanza nilikuwa kijana, nami nikakasirika. Nilimwita mtu mwenye shoka, nikamwambia, "Ukate kichwa!" Mti ukabaki gogo, nami nikajiona nimemaliza maneno.

Kumbe ndiyo kwanza nimeyaanza. Mti uliokatwa kichwa huchipuka upesi, lakini matawi mapya hushika juujuu tu, hayana nguvu ya yale ya asili. Na penye jeraha kubwa maji huingia, mti ukaoza ndani kwa ndani. Tulikata tena, ukachipuka tena, na miaka ikapita.

Msimu mmoja wa kusi, bi mkubwa alinijia tena. "Mwanangu," alisema, "mti wa babako nauheshimu, lakini njoo uone." Nikaona ufa umepanda toka msingi hadi dirishani, na mizizi imeingia katika shimo la choo. Nilimjibu, "Nipe muda, mama, nitaangalia." Kwa kweli niliogopa kuigusa kumbukumbu ya baba. Wiki mbili baadaye, usiku wa upepo, tawi lilianguka juu ya mabati ya jiko lake. Mjukuu wake alikuwa ameondoka hapo punde tu kwenda kulala. Bi mkubwa hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kilinichoma kuliko matusi.

Hapo nilirudi kwenye mafunzo ya chuoni. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameyaeleza haya zamani: tawi likiingia katika anga ya jirani, mwenye mti huambiwa aliondoe, asipofanya, jirani huligeuza, lisipogeuzika ndipo hukatwa. Tazama mpango huo ulivyo wa upole, na haki ya jirani ilivyo wazi. Nikakumbuka pia hadithi ya mtu aliyeonekana Peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, uliokuwa ukiwaudhi watu. Kupanda ni thawabu, na kuondoa udhia ni thawabu vilevile.

Mti wa kando ya barabara si mali ya mtu, uko chini ya serikali ya kaunti, kwa hivyo nilikwenda kuomba kibali. Fundi alipoukagua alikuta uyoga umeota shinani, na gogo likigongwa lilitoa sauti ya uwazi. Haukuwa na budi kuangushwa.

Ndugu msomaji, mti ule ungeweza kuokolewa kama ningemsikiliza jirani mapema na kuupogoa kwa adabu. Kupogoa si kukata kichwa. Huondolewa tawi lenye madhara tu, wala si zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja. Tawi zito hukatwa kidogo kwa chini kwanza, lisije likachuna gome la shina. Kisha humalizwa nje kidogo ya ule uvimbe wa shingoni mwake, ndipo jeraha lifumbe. Mizizi ya karibu na shina isikatwe ovyo, maana ndiyo inayoushika mti wakati wa kusi. Nayo mizizi haitoboi shimo zima. Hufuata unyevu unaovuja penye ufa. Kwa hivyo shimo nalo lilihitaji kujengwa upya, na gharama tuligawana.

Siku mkungu ulipoanguka nilitokwa na machozi, na bi mkubwa akaniletea kahawa. Mbele ya nyumba sasa pana mkilua, mti mdogo usiogombana na ukuta. Mkungu mwingine nimeupanda kwa niaba ya baba katika uwanja wa msikiti, mbali na kuta na mashimo. Inshallah, sadaka yake itaendelea, na safari hii hapana jirani atakayeilipia.