Jiko la Makaa Chumbani

Wenzetu wa Njombe wanaijua baridi ya Juni na Julai. Usiku mtu huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na madirisha, akalala. Husema, "Makaa yameshika vizuri, hayana moshi tena." Hapo ndipo penye hatari. Makaa mekundu, hata bila moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Pua haiwezi kukuonya. Hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kiasi cha mara 200, na mwili hukosa hewa unayoihitaji. Kichwa huuma, huja kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke.

Wazee watasema wao waliota moto ndani miaka yote. Ni kweli, lakini nyumba ya nyasi hupitisha hewa kuliko hizi zetu za matofali na vioo.

Basi washeni jiko nje. Mkipikia ndani, liwekeni mbali na mkeka na pazia, mlango na dirisha vikiwa wazi. Kabla ya kulala litoeni, hata likionekana limezimika. Chini ya majivu moto bado upo. Baridi ikizidi, ongezeni blanketi. Mkimkuta mtu amezimia, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, kisha mpelekeni hospitali.